Somo la Vyombo vya Baharini: Maji Yanapokawia Kutoka Chomboni

Katika Kaunti ya Lamu, chombo cha baharini ndicho gari, duka na shamba. Mwanafunzi, mgonjwa, mvuvi na mtalii wote hupanda chombo, kutoka Mokowe hadi Kizingitini na hadi Kiunga. Kwa sababu hiyo, safu hii ya mafunzo imekuwa ikishughulikia matunzo ya vyombo. Somo la toleo hili linahusu jambo ambalo manahodha wengi huliona dogo: maji yanayokawia kutoka. Sinki la jikoni linajaa badala ya kushuka. Maji ya wimbi yanabaki sitahani. Choo cha chombo kinasukumwa kwa nguvu mbili. Baharia husema, "Yatatoka tu," kisha safari inaendelea.

Nyumbani, bomba likikawia, hasara ni sakafu kulowa. Baharini, hali ni nyingine. Maji yasiyotoka nje hubaki ndani, na maji yaliyomo ndani ya chombo ni mzigo usiofungwa kamba. Wahenga wa pwani walisema, "Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Methali hiyo ina maana pana, lakini kwa somo letu tuichukue kama ilivyo: kila tone lisilopata njia ya kutoka, mwisho wake ni ngamani, chini kabisa ya chombo.

MALENGO YA SOMO

Baada ya kusoma somo hili, nahodha, baharia au mwenye chombo ataweza:

1. Kueleza njia zinazotumiwa na maji kutoka chomboni.
2. Kutambua ni wapi maji yamekwama, bila kufungua kila kitu.
3. Kuzibua kwa usalama, kwa vifaa vya kawaida.
4. Kuweka ratiba ya matunzo ili tatizo lisirudi.

NJIA ZA MAJI CHOMBONI

Chombo kidogo cha kawaida kina njia nne.

Ya kwanza ni matundu ya sitaha. Haya ni matundu yaliyo pembeni, au nyuma karibu na tezi, ambayo maji ya mvua na ya mawimbi hupitia kurudi baharini yenyewe. Katika boti nyingi za faiba, matundu haya huwa na vipande vifupi vya mpira ndani.

Ya pili ni sinki la jikoni na la kunawia. Maji hushuka kwa uzito wake kupitia mpira hadi kwenye koki iliyofungwa ubavuni, kisha hutoka nje. Mara nyingi tundu la kutokea liko chini ya mstari wa maji.

Ya tatu ni choo. Hapa maji hayashuki yenyewe, bali husukumwa kwa pampu ya mkono au ya umeme hadi kwenye tangi la uchafu au nje.

Ya nne ni ngama. Maji yote yanayopenya mbao, yanayodondoka kutoka kwa injini au yanayoshuka kutoka sitahani hukusanyika huko, na hutolewa kwa pampu au kwa kufuliwa kwa ndoo na upo.

Tofauti kubwa kati ya sinki la nyumbani na la chomboni ni mteremko. Nyumbani, bomba linaweza kushuka mita nzima au zaidi. Chomboni, uso wa maji katika sinki unaweza kuwa sentimita 20 tu juu ya uso wa bahari. Nguvu inayosukuma maji ni hizo sentimita 20, basi. Chombo kikipakiwa mizigo kikashuka sentimita 15, hubaki sentimita 5 pekee, yaani robo ya mwanzo. Kanuni ya maji ni kwamba mteremko ukipungua hadi robo, kasi ya maji hupungua hadi nusu. Kwa hiyo, sinki linaweza kukawia bila kuziba hata kidogo. Limeelemewa tu, na huenda chombo chenyewe kimeelemewa pia.

KWA NINI JAMBO HILI NI LA HATARI

Tuchukue mfano wa boti ya abiria yenye sehemu ya wazi ya urefu wa mita 4 na upana wa mita 2. Wimbi likiingia na kujaza sehemu hiyo kwa kina cha sentimita 10, maji hayo ni lita 800. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa takriban kilo 1.025. Kwa hiyo boti imebeba kilo 820 za ziada. Huo ni uzito wa zaidi ya watu 10 wenye kilo 75 kila mmoja, walioingia kwa mara moja bila nauli na bila jaketi.

Uzito wenyewe si hatari pekee. Abiria 10 wakiambiwa wakae, watakaa. Maji hayakai. Chombo kikilala upande wa kushoto, maji yote hukimbilia kushoto na kukiongezea ulalo. Kikijaribu kuinuka, maji hukivuta. Wimbi la pili likija kabla la kwanza halijatoka, chombo hulipokea kikiwa kimeshashuka, na maji mengi zaidi huingia. Ndiyo maana katika msimu wa kusi, bahari inapochafuka, tundu la sitaha lililozibwa na kipande cha makuti linaweza kuwa tofauti kati ya kulowa na kupinduka.

Kuna hasara za polepole pia. Maji yaliyotuama ngamani huozesha mbao, hulainisha kalafati, na huunguza nyaya za umeme. Maji ya chumvi yakifikia betri za asidi, yanaweza kutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Maji ya sinki yaliyotuama kwenye mpira hunuka na huvutia mende hadi kwenye chakula cha abiria.

VITU VINAVYOSABABISHA MAJI KUKAWIA

Mafuta ya jikoni. Tui la nazi, mafuta ya samaki na mabaki ya mchuzi humwagwa sinkini yakiwa moto na hupoa ndani ya mpira. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka karibu na nyuzi 24. Kila mpishi amewahi kuona chupa ya mafuta ya nazi ikiwa imeganda asubuhi ya baridi, na hivyohivyo hutokea ndani ya mpira. Mpira wenye upana wa ndani wa milimita 38 ukipata ukoko wa mafuta wa milimita 6 pande zote, njia inayobaki ni chini ya nusu.

Sabuni na maji ya chumvi. Sabuni ya mche haitoi povu zuri katika maji ya bahari. Badala yake hufanya utando mweupe unaonata. Utando huo hushika punje za wali, mchanga na nywele, na taratibu huwa kizibo.

Takataka za sitaha. Magamba ya samaki, nyuzi za nyavu, vipande vya kamba, nyuzi za makumbi, vijiti vya miraa na vifuniko vya chupa hukimbilia kwenye tundu pamoja na maji, na hukwama hapo.

Viumbe vya bahari. Chaza wadogo na viumbe wengine wenye magamba hupenda kuota kwenye mdomo wa tundu lililo chini ya mstari wa maji. Chombo kilichokaa majini miezi mingi bila kusafishwa kinaweza kuwa na tundu linaloonekana wazi kwa ndani, huku nje limebaki upenyo wa kidole.

Chokaa ya mkojo. Mkojo ukichanganyika na maji ya chumvi, hujenga ukoko mgumu ndani ya mipira ya choo. Watu hudhani pampu imechoka, kumbe njia ndiyo iliyosinyaa.

Mpira ulioning'inia. Mpira ukilegea katikati, hufanya tumbo. Maji na mabaki hutulia hapo. Mbaya zaidi, hewa hufungiwa kati ya maji ya tumbo hilo na maji ya bahari, na hewa hiyo huzuia maji ya sinki kushuka. Dalili yake ni mlio wa kugugumia.

Mpira uliobanana au kujikunja. Mpira uliopita karibu na injini hulainika kwa joto na kujibana. Kwa nje unaweza kuonekana mzima.

Koki isiyofunguliwa yote. Hili ni la kushangaza kwa urahisi wake, lakini ndilo la kuangaliwa kwanza. Katika koki nyingi za mpini, mpini ukielekea sambamba na bomba, koki iko wazi. Ukikingama, imefungwa. Ukiwa katikati, maji hupita kwa shida.

UCHUNGUZI: ULIZA KABLA YA KUFUNGUA

Fundi mzuri huuliza maswali kabla ya kushika spana. Tunapendekeza matano.

Swali la kwanza: Ni tundu moja au yote? Likiwa moja, tatizo liko katika njia yake. Yakiwa yote, angalia kama chombo kimezama kuliko kawaida. Tazama ngama mara moja. Huenda kuna maji mengi ambayo hayajaonekana.

Swali la pili: Hukawia wakati gani? Likikawia chombo kikisheheni tu, tatizo ni mteremko. Likikawia hata chombo kikiwa kitupu, kuna kizuizi.

Swali la tatu: Je, linagugumia? Mlio huo ni wa hewa. Tafuta tumbo la mpira.

Swali la nne: Je, maji hurudi juu chombo kinapolala? Sinki lililo upande uliolala linaweza kushuka hadi usawa wa bahari. Hapo hakuna cha kuzibua. Dawa ni kufunga koki wakati wa safari na kuifungua chombo kikitulia.

Swali la tano: Lilianza ghafla au polepole? La ghafla huwa ni kitu kilichoingia, kama kitambaa au kifuniko. La polepole huwa ni mafuta, chokaa ya mkojo au viumbe vya bahari.

Pamoja na maswali haya, fanya kipimo cha ndoo. Ziba sinki, mimina lita 10 za maji, kisha fungua na uhesabu sekunde hadi maji yaishe. Andika katika daftari la chombo tarehe, muda, na kama chombo kilikuwa kitupu au kimepakia. Hakuna idadi moja ya sekunde inayofaa kila chombo. Kinachohitajika ni kulinganisha chombo chako cha leo na cha mwezi uliopita. Sinki lililotumia sekunde 30 mwezi uliopita na 70 leo limekwisha kukueleza hali yake.

USALAMA KABLA YA KUFUNGUA MPIRA

Sehemu hii isomwe na kila mtu, hata mwenye haraka.

Tundu la upana wa milimita 25, likiwa sentimita 30 tu chini ya mstari wa maji, huingiza takriban lita 40 kwa dakika likiachwa wazi. Hizo ni mitungi miwili ya lita 20 kila dakika. Katika dakika 10, chombo kimeingiza lita 400. Watu wawili wenye ndoo wanaweza kushindana na maji hayo kwa muda, lakini watachoka kabla ya bahari kuchoka.

Kwa hiyo, kazi yoyote ya tundu lililo chini ya mstari wa maji ni vyema ifanywe chombo kikiwa nchi kavu. Pwani yetu imejaliwa maji makubwa ya kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3. Leta chombo ufuoni maji yakijaa, kiache kipwelewe mahali penye mchanga, kitie gadi pande zote mbili ili kisilale, na ufanye kazi maji yakiwa yametoka. Usingoje hadi maji yaanze kurudi. Maliza mapema na ukague kila kiungo chombo kikiwa bado kikavu.

Ikilazimu kufanya kazi chombo kikielea, fuata masharti haya:

1. Funga koki kabisa, kisha legeza klipu ya mpira kidogo tu. Maji yakitoka kidogo na kukoma, hayo yalikuwa ya ndani ya mpira. Yakiendelea, koki haizibi. Kaza klipu na uache kazi.
2. Weka nguruzi ya mbao laini inayolingana na tundu, pamoja na nyundo, mkononi mwako na si kwenye sanduku. Ni desturi nzuri kila koki ifungiwe nguruzi yake kwa kamba.
3. Awepo mtu wa pili, mwenye ndoo, na pampu ya ngama iwe imejaribiwa.
4. Usigonge koki iliyokwama. Koki ya shaba nyeupe iliyokaa miaka mingi katika chumvi hupoteza nguvu. Ikionyesha rangi ya waridi, imeoza ndani na inaweza kukatika kwa kugongwa mara moja.
5. Abiria wasiwemo chomboni.

JINSI YA KUZIBUA

Matundu ya sitaha

Anza hapa, kwa kuwa hapa ndipo penye maisha ya watu. Toa takataka kwa mkono, si kwa kuzisukuma ndani. Pitisha kipande cha mpira laini au waya wa kuzibulia, kisha mimina ndoo nzima ya maji na utazame nje kama yanatoka kwa wingi uleule. Kama tundu lina kilimi cha mpira cha kuzuia maji kurudi, hakikisha kinafunguka. Jua hukikausha na kukifanya kigande. Hakikisha pia kwamba nyavu, masanduku ya samaki, mikeka na mizigo ya abiria haiwekwi juu ya matundu. Tundu safi lililofunikwa na gunia la unga ni sawa na tundu lililozibwa.

Sinki

Hatua ya kwanza ni maji ya moto, kiasi ambacho mkono unaweza kuvumilia, pamoja na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Yasiwe yanayochemka, kwa sababu mipira mingi hulainika na viungo hulegea. Funga koki, jaza mpira na sinki, acha dakika 15, kisha fungua koki ili maji yote yashuke kwa pamoja. Uzito wa sinki lililojaa husukuma vizuri kuliko maji ya bomba yanayodondoka. Rudia mara tatu.

Hatua ya pili ni kikombe cha mpira chenye mpini. Ziba tundu la juu la sinki kwa kitambaa chenye maji, vinginevyo nguvu yote itatokea huko. Sukuma na kuvuta kwa upole mara 10 hadi 15. Usitumie nguvu nyingi, kwani mpira uliofungwa kwa klipu iliyochakaa unaweza kuchomoka, na mwisho wa pili wa mpira huo uko baharini.

Hatua ya tatu ni kutafuta kizuizi kwa kugawa njia. Funga koki. Weka ndoo chini ya sinki, legeza kiungo cha juu na uache maji yashuke ndani ya ndoo. Yakishuka kwa kasi, sinki ni zima na kizuizi kiko mbele. Yakikawia, kizuizi kiko shingoni mwa sinki. Endelea hivyo, kiungo kwa kiungo, hadi upate mahali. Njia hii huokoa muda, na hukuzuia kununua mpira mpya wakati tatizo lilikuwa kifuniko cha soda.

Hatua ya nne ni kurekebisha mpira wenyewe. Ukate ikiwa ni mrefu kupita kiasi, uondoe tumbo, na ufunge kwa vishikizo ili ushuke mfululizo kutoka sinkini hadi kwenye koki. Kila mwisho ulio chini ya mstari wa maji ufungwe kwa klipu mbili za chuma kisichoshika kutu.

Choo

Kwanza, jua kwamba choo cha chombo si cha nyumbani. Njia yake ni nyembamba. Sodo, nepi, vitambaa na karatasi nzito havipiti. Weka pipa lenye kifuniko na bango dogo la maelezo. Abiria hawezi kujua asichoambiwa.

Ikiwa pampu imekuwa nzito polepole, shuku chokaa ya mkojo. Mimina lita moja au mbili za siki nyeupe, piga pampu mara chache ili siki ifike ndani ya mpira, kisha uiache usiku kucha. Asubuhi, suuza kwa maji mengi. Rudia kila mwezi. Ukoko mzito usioyeyuka huhitaji mpira utolewe, upelekwe nchi kavu na upigwepigwe sakafuni ili ukoko uvunjike, au ubadilishwe kabisa.

Kama uchafu unarudi baada ya kusukuma, kilimi cha mpira katika njia ya kutokea kimechoka. Hiki ni kifaa cha kubadilishwa, si cha kutengenezwa. Beba cha akiba. Vaa glavu, na unawe kwa sabuni baadaye, kwani uchafu wa binadamu hueneza kipindupindu na homa ya matumbo.

Mdomo wa nje wa tundu

Chombo kikiwa kimepwelewa, kwangua viumbe kwa patasi butu au kipande cha mbao ngumu. Ingiza kijiti kwa nje, koki ikiwa wazi, usukume taratibu. Ukiwa na mpira wa maji safi, sukuma maji kutoka nje kuelekea ndani, mtu mwingine akiwa na ndoo upande wa sinki. Mara nyingi kilichokataa kwenda mbele hukubali kurudi nyuma. Wenye vyombo vya mbao, mnapopaka deheni upya, angalieni msizibe matundu.

Ngama

Maji ya ngama lazima yaweze kutembea kutoka omo hadi kwenye pampu. Chini ya kila taruma kuna kijitundu cha kupitisha maji, na vijitundu hivi huzibwa na mchanga, vumbi la mbao na kalafati iliyochomoka. Pitisha kamba nyembamba katika vijitundu vyote na uiache humo. Kila wiki ivute mbele na nyuma mara chache. Ni mbinu isiyogharimu kitu. Safisha pia chujio la pampu, na ujaribu swichi ya kuelea kwa kuiinua kwa mkono.

VITU VYA KUEPUKA

Usimimine dawa kali za kuzibulia mabomba ya nyumbani. Nyingi zina soda kali, ambayo hula alumini kwa kutoa joto na gesi inayowaka. Pia huunguza ngozi na macho ya fundi atakayefungua mpira baadaye.

Usichanganye dawa ya klorini na siki wala asidi yoyote. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na vyumba vya chomboni ni vidogo.

Usimimine petroli wala dizeli ili "kuyeyusha mafuta". Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka ngamani na kungoja cheche.

Usiingie tangini au katika chumba kilichofungwa chenye uchafu uliooza. Gesi ya uozo huua, na pua huacha kuihisi inapozidi. Fungua, acha hewa ipite, na usifanye kazi peke yako.

MAJI MACHAFU YANAKWENDA WAPI?

Kuzibua njia si ruhusa ya kumwaga popote. Mkondo kati ya Lamu na Manda si mpana. Humo watoto huogelea na wavuvi hutega. Kinachotoka chomboni asubuhi kinaweza kurudi ufuoni na maji ya jioni.

Mkataba wa kimataifa wa MARPOL, katika kiambatisho chake cha 4, unaelekeza kwamba meli kubwa za safari za kimataifa zisimwage uchafu wa vyoo usiotibiwa zikiwa chini ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, na uliosagwa na kutiwa dawa chini ya maili 3. Mashua zetu hazimo katika kundi la meli hizo, lakini hoja ni ileile: karibu na pwani, bahari haina nafasi ya kujisafisha. Aidha, Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inakataza kuchafua maji nchini.

Kwa hiyo, waelekezeni abiria watumie vyoo vya nchi kavu kabla ya safari. Mafuta ya kupikia yakusanywe katika chupa na kurudishwa pwani. Maji ya ngama yenye mafuta ya injini yasisukumwe baharini. Tandaza kwanza matambara yanayonyonya mafuta, kisha uyatupe nchi kavu. Tukumbuke pia kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika maeneo ya hifadhi, na Hifadhi ya Bahari ya Kiunga ni mojawapo ya maeneo hayo. Plastiki ndogo pia huziba chujio na pampu.

RATIBA YA MATUNZO

Kila safari: tazama matundu ya sitaha, tazama ngama, ondoa mizigo juu ya matundu.

Kila siku ya kupika: pangusa sufuria kwa karatasi kabla ya kuosha, tumia kichujio sinkini, maliza kwa maji ya moto na sabuni.

Kila wiki: vuta kamba ya vijitundu vya ngama, safisha chujio la pampu, funga na ufungue kila koki ili isikwame.

Kila mwezi: kipimo cha ndoo kwa kila sinki, siki usiku kucha chooni, kagua klipu.

Kabla ya kusi, na tena kabla ya kaskazi: pweleza chombo, kwangua midomo ya matundu, badilisha mipira iliyogangamaa na vilimi vilivyochoka, kagua nguruzi zote.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Sinki la chombo chako hutoa maji vizuri bandarini, lakini hukawia baada ya kupakia saruji. Utafanya nini?

2. Umefunga koki na kulegeza klipu. Baada ya dakika moja maji bado yanatiririka. Hatua gani inafuata?

3. Matundu yote ya sitaha na masinki yameanza kukawia asubuhi moja. Utaangalia wapi kwanza?

4. Baharia anataka kumwaga klorini chooni ambamo siki ililala usiku. Utamwambiaje?

Majibu:

1. Hapo hapana cha kuzibua. Chombo kimeshuka na mteremko umepungua. Hakikisha mzigo haujazidi kiwango kilichoruhusiwa. Ukizidi, punguza.

2. Kaza klipu mara moja. Koki haizibi. Ahirisha kazi hadi chombo kipwelewe, na panga kubadilisha koki.

3. Ngamani. Chombo kinaweza kuwa kinaingiza maji.

4. Asimwage. Siki isuuzwe kwanza kwa maji mengi, kwani klorini na siki hutoa gesi ya sumu. Hata baada ya hapo, klorini huchakaza vilimi vya mpira.

MWISHO

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, feri na bandari ni miongoni mwa majukumu ya kaunti, huku udhibiti wa uchukuzi wa majini kitaifa na kimataifa ukibaki kwa serikali kuu, ambako Mamlaka ya Masuala ya Bahari, KMA, hushughulikia ukaguzi wa usalama wa vyombo. Lakini mkaguzi huja siku moja, na nahodha yumo chomboni kila siku.

Tunawaomba manahodha, mafundi na viongozi wa BMU walisome somo hili pamoja na mabaharia wao, hasa vijana wanaoanza kazi. Mabandiko ya ratiba yanaweza kunakiliwa na kubandikwa karibu na usukani. Abiria nawe una sehemu yako: ukiona maji yametuama miguuni pako na hayatoki, usinyamaze. Mwambie nahodha kabla ya chombo kung'oa nanga.